Sungura si kuku wa mugeni

Papa Zainabu,

Bukari ya unga wa muhogo iko ndani ya sufuria, samaki iko kabatini. Funga dirisha, mvua inakuja.

Asubuhi, ndugu yako alipoaga, ulimupa sungura wa mutoto wetu, kama vile mugeni anavyopewa kuku wa kurudi naye. Akamufunga miguu, akamutia kitungani, akapanda pikipiki kwenda Manono. Ndiyo, sungura alitafuna waya ya simu yako na kukojolea kanape ya kukalia wageni. Lakini mimi njo nilikuwa nafagia, si wewe! Na kila siku saa saba sungura alimungojea Zainabu nyuma ya mulango.

~~Nitarudi kesho.~~ Niko kwa mama.

Zainabu atarudi kutoka masomo na matembele ya sungura wake mukononi. Leo umungojee wewe, nyuma ya mulango.

Mama Zainabu