Unga wa Afisa wa Ng'ambo

Kemunto mjukuu wangu,

Mimi huku Manga ni mzima. Ng'ombe amezaa, lakini tangu babu yako afariki, maziwa yananishinda kumaliza.

Umeuliza kama sheria inayolazimisha mashirika kutangaza wafadhili wao wa nje inalionea shirika lenu. Nikiwa msichana, chama chetu cha kanisa kililisha yatima. Afisa wa serikali ya ng'ambo akatuletea unga, kisha akataka tuipigie debe nchi yake kwa waumini. Mwenyekiti wetu, mama Moraa, akamwambia, "Basi rudi na unga wako."

Wanachama walikasirika, wakaacha hata kumsalimia. Hakuwa na sheria ya kuwaonyesha kwamba msaada wa nje na masharti yake lazima vitangazwe. Aliwapikia yatima uji peke yake mpaka akazeeka. Laiti sheria hiyo ingekuwepo, angalau angekuwa na kitu cha kusimamia.

Nyanya yako,
Kwamboka