Sauti Yako ya Pili

Mke wangu Mama Mghoi,

Tangu tukuzike, uso wako ninao. Mwendo wako ninao. Sauti yako inanitoka, nami sijui pa kuishikia. Haikunaswa katika kanda yoyote.

Linalonitesa ni kwamba sauti za wageni zimebaki. Unaikumbuka filamu ya opera tuliyoonyeshwa Voi, katika ukumbi wa kanisa, watu wakiimba mwanzo hadi mwisho pasipo kusema neno? Tulikuwa tumezoea kuamua mashindano ya kwaya za shule, kwa hiyo tuliketi kama waamuzi: mimi sauti, wewe uigizaji. Yule mwanamume aliyeimba sauti ya teno aliinua mabega kila alipovuta pumzi, nikampunguzia alama. Mwanamke aliyeigiza mgonjwa aliifikia noti ya juu bila kuirukia, nami nikamsifu. Wewe ukaninong'oneza, "Mgonjwa gani huyu, Baba Mghoi? Kwa mashavu hayo angebeba gunia la kabichi mpaka Wundanyi."

Mgonjwa huyo alipoanza kukata roho, akina mama kutoka Ronge waliokaa mbele yetu walisimama wote, wakaanza wimbo wa mazishi. Niliwaomba waketi niisikie noti ya mwisho. Mmoja akanigeukia: "Mwalimu, mtu anakufa nawe umekaa tu? Inuka!" Ukainuka wewe, ukaishika sauti ya pili, na ukumbi mzima ukafuata. Filamu ikaisha bila mtu kuisikia. Njiani ukasema, "Sasa huyo amezikwa vizuri," ukacheka mpaka ukajishika ubavu.

Maneno hayo ninayo yote. Nikijaribu kuyasikia, nasikia mtu akisoma. Yule teno wa mabega namsikia wazi kabisa. Ana haki gani ya kukaa humu kichwani mwangu? Jumapili kanisani niliketi nyuma ya wanaoimba sauti ya pili, nikafumba macho, nikimtafuta anayekukaribia. Hayupo. Binti yetu alipokuja nilimsihi aimbe, aseme, alie hata. Akasema, "Baba, mimi nilichukua sauti yako. Watu wote husema hivyo."

Leo asubuhi nilisimama jikoni, nikajiita "Baba Mghoi" kama ulivyokuwa ukiniita, kwa kulivuta lile neno la mwisho. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Nikaita tena. Ilikuwa yangu.

Lala salama, mke wangu. Kesho nitaita tena, maana sina jingine la kufanya.

Mumeo,
Baba Mghoi