Boriti za Tembe la Ndahani

Jumatatu, 3 Rajabu
Nimewaandikia watu barua mbili tangu asubuhi. Moja ya mpagazi anayemwita mkewe kutoka Tabora, nyingine ya kuku aliyeibwa. Adhuhuri akaja Ndahani, mwenye tembe ninamokaa, nyumba ya paa la udongo juu ya boriti. Alitaka hati: anampa mnyapara wa reli boriti zote thelathini za mpingo, ndefu, kavu. Nikadhani anakwenda kukata porini. Nikaandika kwa wino mzito. Akaweka alama ya kidole.

Alhamisi, 6 Rajabu
Ng'ombe wa mwisho hayupo zizini. Mama Madeje, mke wa Ndahani, anasema wamemkopesha shemeji. Haniangalii machoni. Karata zinachezwa kambini kwa wajenzi wa reli, najua. Sikuuliza. Mgeni wa miaka mingi bado ni mgeni.

Jumamosi, 8 Rajabu
Mnyapara kaja na watu sita na hati yangu. Hakuelekea porini. Alionyesha juu, darini. Boriti alizozishinda kwenye karata ni hizi zilizokuwa juu ya vichwa vyetu.

Ndahani ndiye aliyepanda kufukua udongo wa paa. Mwenyewe! Anawahimiza wasivunje ncha.

"Shikamoo, mzee," mnyapara akaniambia. "Kwa mwandiko huu hata bwana shauri, hakimu wa Wadachi bomani, hana la kusema." Wenzake wakaangua kicheko.

Mama Madeje hakucheka. "Babu, kwa nini hukuniuliza?"

Kwetu Pangani, Wadachi walinitoa nyumbani kwa mizinga. Hapa nimeiandikia nyumba ruhusa ya kuondoka.

Jumapili, 9 Rajabu
Tumelala zizini. Alfajiri Ndahani kaung'oa mlango, kaubeba kichwani kwenda kambini. Ati mchezo mmoja tu, boriti zote zitarudi.

"Chukua na mafiga basi," mkewe akamwambia.

Akasimama. Akayatazama mafiga. Wallahi, aliyapima kwa macho! Nimeshtuka kuliko jana.

Jumatano, 12 Rajabu
Chamwino, kwa kaka yake Mama Madeje. Tulitembea siku mbili, yeye na chungu, mimi na vitabu vinne. Ndahani alibaki kambini.

Kaka aliuliza nyumba imekuwaje. Mama Madeje akajibu kuwa mvua imeiangusha.

Kaka akatazama mbingu, nyeupe kwa kiangazi. Akaingia ndani, akatandika ngozi mbili karibu na moto.