Jibu Nililokupa Kwenye Simu

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na wateja wa picha za pasi hawakupi hata nafasi ya kunywa chai. Mimi sijambo. Nakula vizuri, nalala vizuri, na kabla hujauliza: ndiyo, sweta navaa. Asubuhi hapa kuna upepo mkali. Wafanyakazi wanafagia majani uwanjani kabla hatujaanza mazoezi, wakigeuka tu yamerudi palepale.

Najua unashangaa. Mtoto ana simu nzuri mfukoni, halafu anamwandikia baba yake barua kama watu wa zamani. Nivumilie, sababu utaiona huko chini. Na usirukie mwisho, nakujua.

Kwanza habari za kazi. Mwaka huu ulinianzia vibaya. Nilikuwa natolewa raundi ya kwanza mji baada ya mji, nafungasha mabegi kabla hata sijaizoea njia ya kutoka hotelini kwenda uwanjani. Kocha alisema miguu imekuwa mizito. Kaka akasema ni uzee. Wewe ukailaumu raketi mpya, na nakushukuru, maana wewe peke yako hukunilaumu mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachelewa. Zamani, mpinzani akiupiga mpira, mlio wake kwenye nyuzi ulikuwa unaniambia kama umepigwa kwa nguvu au umekatwa, hata kabla macho hayajaniambia. Mwaka huu mipira ilikuwa inanijia kimya, kama paka.

Halafu ikatokea ile mechi ambayo kaka alikusomea habari zake gazetini. Waliandika kwamba nimeshikwa na hasira nikampiga mpinzani wangu kwa mpira mgongoni. Baba, mpira nilimpiga kweli, ila hasira sikuwa nayo. Mwamuzi alikuwa ameshatamka kwamba mpira umetoka nje. Mpinzani wangu akageuka anarudi nyuma, na watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nikaukimbilia ule mpira kwa nguvu zangu zote, nikaurudisha, nikajisifu moyoni kwamba leo nimeuwahi. Ukamkuta katikati ya mabega. Uwanja mzima ukanizomea. Nilimwomba radhi pale wavuni, akanipa mkono bila kunitazama.

Aliyegundua ni mwenzangu wa mchezo wa wawili, yule mrefu uliyempiga picha mlangoni kwetu kichwa kikabaki nje. Siku ile alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa nimeinama nafungua viatu. Mara nikamwona amezunguka, akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. Akasema, “Sasa hivi nimekuambia nywele zako zinawaka moto, na wewe umeendelea kufungua kamba za viatu.” Nilicheka. Kicheko kikageuka kilio, naye akabaki pale chini mpaka nikamaliza.

Ndiyo, baba. Masikio yangu yanakufa. Daktari amesema la kulia limekwisha karibu lote, na la kushoto linafuata polepole. Hakuna aliyekosea, si mpira, si homa ya utotoni, kwa hiyo usianze kutafuta pa kujilaumu. Amenipa kifaa kidogo cha sikioni. Chumbani kinanisaidia, ila uwanjani upepo ukipita unanguruma kama lori linapanda mlima, basi nacheza bila hicho.

Nilikuwa nayaficha haya tangu mwaka jana. Niliogopa wadhamini, niliogopa kocha, na zaidi nilikuogopa wewe, kwamba utaniambia nirudi nyumbani nipumzike. Sasa nimewaambia wote. Waamuzi wananiinulia mkono mpira ukitoka. Mchezo wa peke yangu nimeuacha, na siku ile nilipotia sahihi barua ya kujitoa niliumia kama mtu aliyefiwa. Lakini wa wawili nabaki nao. Huo tangu zamani tunaongea kwa vidole: anayesimama karibu na wavu anaficha mkono mgongoni, anamwonyesha mwenzake wapi ataelekea. Mrefu ameongeza vidole vyake vya utani, vingine siwezi kukuandikia. Wiki iliyopita tumefika nusu fainali. Kufungwa tulifungwa, lakini sijapata kucheza kwa raha namna ile tangu nikiwa msichana.

Sasa nifike kwenye lililoniketisha hapa na kalamu.

Juzi kaka alinitumia ujumbe mkali. Aliniuliza nina moyo wa namna gani. Akasema ulinipigia simu ukaniomba ruhusa ya kumuoa Mama Mapazia wa duka la jirani, nami nikakukatalia kavukavu. Akasema umemwambia yule mama kwamba binti hajaridhika na habari hiyo isizungumzwe tena, na tangu siku hiyo unakula peke yako studio.

Baba, nilisikia “kuhama”.

Siku ile nilikuwa kwenye korido ya uwanja, watu wanapita, simu nimeibana kwenye hili sikio lililobaki. Nikafikiri umechoka na zile ngazi, unataka kuhamia kwa kaka. Ndiyo maana nikakuuliza kwa umri huo utaanzaje upya, na vitu vya marehemu mama vitakaa wapi, nikakuambia utulie hapohapo ulipo. Kisha ukasema neno sikulipata, nikajibu “sawa baba”, ukakata. Kila nikiyakumbuka maneno yale, nikiyasikia kama ulivyoyasikia wewe, natamani ardhi inimeze.

Basi jibu langu ni hili, nimeliandika lisije likapotea njiani: muoe. Muoe, baba yangu. Tangu mama aondoke, Mama Mapazia ndiye amekuwa akikulazimisha ufunge duka ukale. Vitu vya mama nitakuja kuvipanga mwenyewe, na vingine nitavichukua. Mpelekee barua hii aisome kwa macho yake, nisionekane nilimkataa mtu aliyenishonea nguo yangu ya kwanza ya kuchezea.

Nakuja mwisho wa mwezi, mashindano haya yakiisha. Nikifika usinitume kupumzika kwanza. Kaa mbele yangu, karibu, nikuone midomo, uniambie tena tangu mwanzo kwamba unataka kuoa. Nataka kukuona unavyolisema.

Nisalimie kaka, mwambie hasira zake alikuwa na haki nazo. Mrefu anakuamkia. Mama Mapazia mpe shikamoo yangu, na mwambie kuanzia leo ni shikamoo ya mtoto kwa mama.

Nakupenda, baba.

Mimi mziwanda wako.