Ngoma Kubwa ya Kaka Engkos

Kichochoro cha Cibogo, Nambari 17
Bandung
14 Februari 1996

Mpendwa Dada Nining,

Pokea salamu zetu huko Jeddah. Mgongo vipi sasa? Ambu, kama mama yeyote, hatulii akikumbuka unavyobeba mazulia ya watu, na amekufungia oncom kavu ya kula na wali, akuletee jirani anayekuja umra. Mimi mzima, ila moyo hauna raha, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Kaka Engkos kidonda kimefunga. Walimkata mguu wa kulia juu ya goti, ni kisukari kile kile. Siku mbili kabla ya operesheni alinivuta sikio. "We Yayat, lete mashine yako unirekodi. Wakishanikata mtapigiwa ngoma na nani, kuku?"

Akapiga nyimbo zote sita za bendi yetu, bendeji mguuni, jasho linamtiririka. Ile ngoma kubwa ya chini, inayopigwa kwa mguu, hajawahi kuipiga vile. Nililia nyuma ya mashine.

Nilikuwa na maikrofoni mbili tu, moja mbele ya ngoma kubwa, nyingine nimeining'iniza juu ya kichwa chake kwa kamba ya kuanikia nguo. Kinasa sauti changu cha kaseti kina njia nne tu za kurekodia. Ngoma zilichukua mbili, na bado kulikuwa na magitaa, besi na uimbaji. Nikafanya kama siku zote: nikazichanganya zile mbili kwenye njia moja, kisha nikarekodi vingine juu ya zile za mwanzo, zikafutika. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikasikiliza juu juu tu, nikaridhika.

Dada, ngoma kubwa haimo. Kila maikrofoni peke yake ilisikika safi, lakini zilipochanganywa sauti zake zilipingana, zikamezana. Nilimpelekea fundi mmoja wa redio. "Ungegeuza nyaya za maikrofoni moja tu kabla ya kuchanganya, kijana," akaniambia. "Sasa ndiyo basi." Hicho ndicho kitu pekee kaka alichoniomba maisha yake yote, na nimekifuta kwa mkono wangu.

Wiki tano nilimdanganya kwamba mashine imeharibika. Jumapili akachoka, akaniamuru niipige ile kaseti. Nikakaa kusubiri matusi. Yeye alifumba macho, na chini ya shuka lake la sarong kile kipande cha paja kikaanza kuinuka na kushuka, kila mahali ngoma kubwa ilipopaswa kulia, bila kukosa hata pigo moja.

Kaseti ilipoisha akanitazama. "Umeusikia ule mguu ulivyokuwa unafanya kazi?"

Nikamjibu ndiyo.

Ambu na shangazi Entin wanakusalimu, nawe tusalimie Yoyoh wa chumba chenu. Mungu akushike mkono, akurudishe ukiwa mzima.

Kaka ameniagiza nikutumie nakala ya kaseti, imo humu. Ukimwandikia, tafadhali msifie ile ngoma kubwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Yayat