Mkono wa Mama Mnadani

Mjukuu wangu Zuhura,

Usicheke kuitwa mjukuu na mwanafunzi wa kidato cha nne. Ukoo ndio ulionifanya bibi yako. Huku Kitaya hatujambo, na mpunga umekubali.

Umeuliza demokrasia inapimwaje. Darasani, kwa Kiingereza, ningejibu haraka. Kwako naona haya.

Mwaka juzi, mnadani, wakulima waliulizwa kama wauze korosho kwa bei waliyotaja wanunuzi. Wote walikataa. Mama peke yake alinyoosha mkono kukubali, maana Baba alikuwa kitandani anasubiri nauli ya hospitali.

"Mama Somoe, shusha mkono, kwapa litaungua jua!" mtu akatania. Watu wakacheka.

"Wengi wape," mwenyekiti akasema, akafunga kikao. Hakuna aliyemuuliza Mama sababu. Mimi niliwachukia wote, kimyakimya.

Nao walikuwa sahihi, mjukuu wangu. Mnada uliofuata bei ilipanda kweli. Baba tulikuwa tumeshamzika.

Mama bado anahudhuria. Siku hizi hunyoosha mkono pamoja na wengi, hata kabla swali halijaisha, nao humhesabu. Hapo ndipo ninaposhindwa kukujibu.

Bibi yako,
Somoe