Neno Asiloimba Tusekile

Iringa, Jumapili, Julai 1956

Baridi ya leo si ya mchezo. Asubuhi nimepuliza chai ipoe, pumzi yangu ndiyo ikaganda. Anayebisha aje alale hapa kwa mdogo wangu Ambakisye, fundi cherehani, kwenye chumba chenye dirisha lisilofungika.

Mimi na dada yetu wa mwisho, Tusekile, tumetoka Mbeya kwa basi kuja kusikia muziki. Ambakisye alitusumbua tangu Pasaka: njooni msikie bendi, mji mzima unacheza. Tusekile ameolewa Tukuyu, na mumewe kamruhusu kwa kuwa anasafiri na mimi, mtu mzima niliyefika Burma.

Kutoka Chimala hadi hapa nimewasimulia abiria nilivyopuliza tarumbeta vitani mpaka tembo wakapiga magoti. Shule niliishia darasa la tatu, lakini muziki hausomewi.

Basi, mchana sote watatu tukaingia welfea, ukumbi wa mji wa mikutano na dansi. Kiongozi wa bendi, kijana mrefu wa Kihehe mwenye tai nyekundu, akatusalimu kwa kwao, "Kamwene!" Ukumbi mzima ukaitika. Magitaa nayajua, ngoma nazijua. Lakini palikuwa na dude moja la shaba, limepinda kama kiko cha mzungu, wanaliita saksafoni.

Shajara, lile dude linasema!

Linalia kama mjane, halafu linacheka. Nikasogea mpaka mbele nilichungulie mdomoni. Ndani mna nini? Nimeona giza na mate tu.

"Mzee, umepoteza kitu humo?" mpulizaji akaniuliza. Watu wakacheka.

Hapo ulimi ukaniponyoka. "Haya nilikuwa nayapuliza Burma," nikamjibu. "Na dada yangu yule pale, akiimba kanisani, kengele inalia yenyewe."

Kumbe kiongozi amesikia. "Basi apande, atuimbie kiitikio!"

Kiitikio chenyewe walikuwa wamekiimba punde tu: *Subiri, mpenzi, subiri, mvua ikiisha nitarudi.*

Tusekile akanifinya mkono. "Kaka, umefanya nini? Neno lile mimi nalitoaje?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Baba mkwe wake ni mzee Lusubilo. Na kwetu Unyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. "Subiri", kwa ndimi zetu, ni "subili". Tangu aolewe, Tusekile hajamwambia mtu asubiri, humwambia angoje.

"Na yule mlangoni ni dereva wa Tukuyu," Ambakisye akanong'ona. "Neno likimtoka dada, keshokutwa mkwe analo. Waambie hawezi."

"Waseme mimi mwongo?"

"Hilo wanalijua tayari," akasema Tusekile.

Nilidhani atakaa chini. Lakini nilimwona anavyokitazama kile kipaza sauti, kama mtu mwenye njaa aliyenusa ndizi za kuchoma. Akafunga khanga vizuri, akapanda.

Magitaa yakaanza. Akafumba macho.

"Ngoja, mpenzi, ngoja..."

Sauti ilijaa mpaka bati la juu likatetemeka, na hapa sijaongeza kitu. Neno ndilo lililopungua. Wimbo unataka silabi tatu, "ngoja" ina mbili, na penye pengo magitaa yakajikwaa. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Shuka, mama, wimbo huujui!"

Mimi niliyewatazama tembo usoni nikaangalia viatu vyangu.

Tusekile hakushuka. Akarudia vilevile, ngoja, na safari hii mwenye saksafoni akalidaka pengo: ngo-ja, *pee!* Mpenzi, ngo-ja, *pee!* Kiongozi akacheka, akaimba hivyohivyo. Ukumbi ukafuata. Yule aliyesema shuka akafuata. Dereva wa Tukuyu naye, jasho linamtiririka, ngo-ja, *pee!*

Walimrudisha pale juu mpaka sauti ikamkauka.

Sasa jua linazama. Ambakisye anawasha mkaa, Tusekile anachagua mchele. Nami nimekaa na swali ambalo hata Burma sikukutana nalo. Lile dude la shaba lilipojaza pengo, lilisema nini? Maana kila sikio mle ndani lilisikia neno zima. Je, jina la mkwe limetajwa au halikutajwa? Na dereva akifika Tukuyu, atamshitaki nani, shaba?

Nimemuuliza Tusekile.

"Kaka," amenijibu bila kuinua macho kwenye ungo, "hebu ngoja."

Halafu, puani, taratibu: *pee.*